VENEZIA: MJI UNAOBEBWA NA MIKONO YA WAFANYAKAZI

Picha za mji wa Venezia, huko Italia, wengi wetu tumekwisha kuziona kwenye kalenda za madukani: mtumbwi mweusi mrefu, mtu mwenye kofia akipiga kasia, na nyumba zilizochomoza majini kana kwamba zimeota humo. Picha hizo si za uwongo. Lakini hazimwonyeshi aliyezijenga nyumba hizo, wala anayepeleka unga na saruji mahali pasipopita gari, wala mahali anapolala usiku yule aliyefagia daraja asubuhi. Hayo ndiyo niliyokwenda kuyatazama.

Nafasi niliipata mwezi wa Mei 2024, baada ya kozi fupi ya usalama kazini katika mji wa jirani, Padova. Tulibakiwa na siku mbili kabla ya ndege ya kurudi. Tulikuwa watatu: ndugu mmoja wa kiwanda cha nguo, dada mmoja wa mashamba ya chai, na mimi wa kiwanda cha sukari. Tukachangishana fedha, tukapanga chumba kule Mestre, upande wa bara, ambako bei ni nafuu. Mgeni wa siku mbili haujui mji. Hata hivyo, mfanyakazi akiwaona wafanyakazi wenzake kazini huelewa mengi kwa muda mfupi.

MJI USIO NA GARI

Kutoka Mestre treni huvuka maji juu ya daraja refu lililofunguliwa mwaka 1846. Kando yake ipo barabara ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1933. Mkono wa kulia unaona mabomba ya moshi na matangi ya viwanda vya Marghera. Mbele unaona minara ya makanisa. Watalii wote hutazama mbele. Sisi tuliyatazama yale mabomba, na tulikubaliana kwamba kesho yake tutakwenda huko.

Magari yote hukomea penye uwanja mmoja karibu na stesheni. Zaidi ya hapo hakuna lori, hakuna basi, hata pikipiki hakuna. Ukitoka mlango wa stesheni unakuta ngazi, na chini ya ngazi ni maji. Mji umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na mengi ya madaraja hayo yana vidato vya kupanda na kushuka. Mfereji mkuu una urefu wa karibu kilomita 4 na umepinda kama nyoka. Mabasi ya mji ni maboti makubwa. Mwaka 2024 mgeni alilipa euro 9.50 kwa dakika 75; mwenyeji mwenye kadi hulipa kidogo sana.

Siku ya pili tuliamka kabla ya alfajiri ili tuuone mji kabla ya watalii. Huo ndio wakati wa kazi. Matishari madogo yenye mota yalipita moja baada ya jingine. Moja lilibeba matofali, jingine makreti ya bia, jingine magunia ya shuka chafu za mahoteli. Tuliona hata jokofu jipya limefungwa kamba. Gari la wagonjwa ni boti. Zimamoto ni boti. Maiti naye huchukuliwa kwa boti hadi kisiwa cha makaburi, San Michele.

Boti likifika, mzigo hupakiwa juu ya mkokoteni wa chuma. Mikokoteni yao ina magurudumu mawili makubwa katikati, na mengine mawili madogo yaliyotokeza mbele. Mchukuzi akifika kwenye daraja huyaweka yale madogo juu ya kidato, akainua, akasukuma, kidato kwa kidato. Tulimfuata mmoja aliyekuwa na maji ya chupa ya hoteli. Alivuka madaraja matano, akipaza sauti kuomba njia kama wafanyavyo wasukuma mikokoteni wa kwetu. Wafagiaji nao hupita mlango kwa mlango asubuhi, wakakusanya taka katika mikokoteni na kuipeleka kwenye boti lenye kreni. Jua linapopanda na watalii wanapotoka kunywa kahawa, mji umekwisha kusafishwa na kulishwa, na waliofanya kazi hiyo hawaonekani tena.

MITI CHINI YA NYUMBA

Watu wa kale wa Venezia hawakuwa na ardhi ngumu ya kujengea. Walikuwa na visiwa vya matope tu, katika maji ya kina kifupi yaliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Basi wakapigilia miti. Mashina ya mwaloni na miti mingine yaliteremshwa kwa mito kutoka milimani, yakachongwa ncha, yakazamishwa moja kando ya jingine mpaka yakafika kwenye udongo mgumu chini ya tope. Juu yake zililazwa mbao nene, kisha mawe meupe ya Istria, kisha ukuta wa matofali.

Kupigilia kulifanywa na vikundi vya watu walioinua gogo zito kwa kamba na kuliachia lianguke, tena na tena, huku wakiimba ili wote wavute kwa mkupuo mmoja. Aliyewahi kuvuta jahazi pwani au kubeba gogo shambani anazijua nyimbo za namna hiyo, hata kama hajui maneno yake. Daraja la Rialto, lililojengwa tangu 1588 hadi 1591, limekalia miti kama 12,000. Kwa nini haikuoza? Kwa sababu ndani ya tope hakuna hewa, na vijidudu vingi vinavyoozesha mti haviwezi kuishi bila hewa.

NYUMBA YA KAZI

Upande wa mashariki wa mji kuna ukuta mrefu wenye minara. Humo ndimo ilimokuwa Arsenale, karakana ya merikebu iliyoanza karne ya 12. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni nyumba ya kazi ya ufundi. Ndani yake msomaji wa Kiswahili atalitambua neno letu "sanaa". Mafundi wa kuziba nafasi za mbao waliitwa "calafati", na sisi pwani tunasema kutia kalafati. Maneno yalisafiri na vyombo, na vyombo vilijengwa na mafundi.

Mamia ya miaka kabla ya viwanda vikubwa vya Uingereza, hapa maelfu ya watu walifanya kazi ndani ya ukuta mmoja, kila kikundi na kazi yake: maseremala, wafua chuma, wasokota kamba, na wanawake walioshona matanga. Mwaka 1574 Mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa alipotembelea mji, mafundi hao waliunganisha merikebu nzima katika muda ambao mgeni alikuwa karamuni. Serikali ya mji iliwaheshimu kwa kuwa iliwahitaji. Mtoto wa fundi alikuwa na haki ya kupokewa kazini, na divai ilikuwa sehemu ya malipo yao. Dola hiyo ilianguka mbele ya Napoleon mwaka 1797. Leo sehemu ya karakana ni ya jeshi la majini, na jumba la kusokotea kamba, lenye urefu wa mita 316, limekuwa ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Tulipita nje ya ukuta tu.

USHANGA ULIOFIKA KWETU

Mwaka 1291 watawala waliamuru matanuri ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto katika mji uliokuwa na nyumba nyingi za mbao. Mafundi wa kioo walipewa heshima kubwa, lakini walikatazwa kuhama nchi wasije wakauza siri ya ufundi. Heshima hiyo ilikuwa na kufuli mlangoni.

Tuliingia kwenye karakana moja. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akapuliza, akazungusha, akabana kwa koleo. Joto tulilisikia usoni tukiwa mbali. Tanuri haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo bei ya gesi ilipopanda sana mwaka 2021 na 2022, matanuri kadhaa yalizimwa na watu wakakosa kazi.

Dada yetu wa mashamba ya chai ndiye aliyeuliza habari za ushanga, na swali lake lilikuwa la maana. Katika karne ya 19 ushanga wa Venezia uliletwa Unguja kwa meli, ukabebwa na wapagazi vichwani hadi nchi za maziwa makuu, ukabadilishwa kwa pembe na chakula. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipendwa sana katika njia za misafara. Kule Venezia ushanga mdogo ulitungwa na wanawake maskini, nyumbani au vibarazani, wakishika sindano ndefu nyingi kwa mkono mmoja na kuzipitisha katika sinia la mbao lililojaa shanga. Walilipwa kidogo, na kazi waliipewa na watu wa kati waliokata chao kwanza. Mwaka 1904 wanawake hao waligoma. Mpagazi wa Unyamwezi na mtunga ushanga wa Venezia hawakupata kuonana, ijapokuwa mzigo ulikuwa mmoja na faida ilikwenda kwa watu wengine.

MARGHERA: DAFTARI LA MFANYAKAZI MMOJA

Mchana wa siku ya pili tulirudi bara. Mkufunzi wetu alitukutanisha na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kemikali, akawa mkalimani wetu. Mzee aliomba nisiliandike jina lake. Tulipita naye kando ya uzio wa Porto Marghera, eneo la viwanda lililoanzishwa mwaka 1917. Katika miaka ya 1960 lilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Wengi walitoka vijijini, wana wa wakulima, kama wengi wetu.

Humo mlikuwa na kiwanda kikubwa kilichotengeneza plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji. Plastiki hiyo hutokana na gesi iitwayo kloridi ya vinili. Gesi hupikwa ndani ya mitungi mikubwa ya chuma, na baada ya kila mpiko hubaki ukoko ukutani. Mfanyakazi aliingia ndani ya mtungi kuukwangua kwa mkono. "Ilikuwa na harufu tamu," mzee alituambia. "Kitu chenye harufu tamu hukiogopi." Baada ya miaka, vidole vya baadhi yao vilikufa ganzi na kuwa vyeupe. Kisha wengine wakaugua ini.

Mwaka 1970 daktari wa Kiitaliano, Pier Luigi Viola, aliueleza mkutano wa wataalamu kwamba gesi hiyo imewatia saratani panya aliowajaribia. Januari 1974 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kuwa wafanyakazi wake kadhaa wamekufa kwa saratani ya ini ya aina isiyo ya kawaida. Hapo dunia nzima ikajua. Kule Marghera, mwaka 1973, wakaguzi wa kazi walikuwa wameamuru wafanyakazi wawe na vinyago vya gesi. Wafanyakazi waliliona jambo hilo kuwa kinyume: badala ya kuziba mabomba yanayovuja, mtu ndiye anazibwa pua.

Mmoja wa wafanyakazi wa kiwanda hicho aliitwa Gabriele Bortolozzo. Hakuwa daktari wala mwanasheria. Alianza kuandika majina ya wenzake waliofanya kazi kwenye gesi ile: nani ameugua, ugonjwa gani, nani amekufa, alikuwa na umri gani. Aliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, akiwafuatilia mmoja mmoja hata baada ya kustaafu. Mwaka 1994 alipeleka yote kwa mwendesha mashtaka wa Venezia, Felice Casson. Mwaka uliofuata Bortolozzo aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli yake, akafa. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kufika mahali pake.

Kesi ilianza mwaka 1998. Walioshtakiwa walikuwa wakuu 28 wa zamani na wa wakati ule wa makampuni ya Montedison na Enichem, na orodha ya waliotajwa kufa ilipita watu 150. Novemba 2001 mahakama iliwaachilia wote. Rufani ikakatwa, na Desemba 2004 wakuu watano walipatikana na hatia kwa kifo cha mfanyakazi mmoja. Mashtaka mengine mengi yalikuwa yamepitwa na wakati kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2006 mahakama ya juu kabisa iliithibitisha hukumu hiyo.

Ndugu yetu wa kiwanda cha nguo alimwuliza mzee: mtu mmoja kati ya zaidi ya 150, je, huo ni ushindi? Mzee alikaa kimya kidogo, akajibu: "Bila daftari lile, hata huyo mmoja asingekuwapo. Wangesema tulikufa kwa pombe na sigara." Kisha akatuonyesha uzio na nyasi zilizomea nyuma yake. Viwanda vingi vimefungwa. Sumu iliyobaki katika udongo ingali inasafishwa.

MAJI NA WATU

Viwanda hivyo vilidhuru hata ule mji wa picha. Kwa miaka mingi vilivuta maji kutoka chini ya ardhi, na mji ukadidimia kwa kiasi cha sentimita 10 hivi, mpaka uvutaji ukakomeshwa katika miaka ya 1970. Bahari nayo inapanda. Maji makuu ya tarehe 4 Novemba 1966 yalifikia sentimita 194. Ya tarehe 12 Novemba 2019 yalifikia 187. Serikali ilijenga milango 78 ya chuma katika njia tatu za bahari, milango inayolala chini ya maji na kuinuliwa bamvua kubwa linapokuja. Kazi ilianza mwaka 2003 na iligharimu zaidi ya euro bilioni 5. Mwaka 2014 watu kadhaa walikamatwa kwa rushwa katika mradi huo, pamoja na meya wa mji. Milango iliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji makuu tarehe 3 Oktoba 2020, na mji ukabaki mkavu.

Kwa hiyo maji yanazuilika. Watu ndio wanaotoka. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi karibu 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Karibu na Rialto kuna duka la dawa lililoweka dirishani kibao chenye taa kinachohesabu wakazi, na kila mpita njia husoma jinsi wanavyopungua. Mwenye nyumba hupata zaidi kwa kuipangisha kwa watalii usiku mmoja mmoja kuliko kwa familia mwaka mzima. Duka la mboga hugeuka duka la vinyago. Shule hukosa watoto.

Tangu tarehe 25 Aprili 2024 serikali ya mji ilijaribu kutoza kiingilio cha euro 5 kwa mgeni anayekuja na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka huo kilitozwa katika siku 29, na mwaka 2025 siku zikaongezwa hadi 54. Mfanyakazi hatozwi, ila huonyesha uthibitisho wake. Tuliliwaza jambo hilo sana. Mtu anayetandika vitanda, anayepika, anayesukuma mkokoteni, sasa anaingia katika mji anaoutunza kwa kibali, na jioni anarudi bara.

Huko bara, katika kiwanda cha meli cha Marghera, zinajengwa meli kubwa za watalii. Wafanyakazi wengi humo ni wageni walioajiriwa na makandarasi wadogo, na wengi wao wametoka Bangladesh. Jioni huko Mestre tulikula wali na mchuzi wa dengu katika mkahawa wao, tukajiona tuko nyumbani kuliko mahali pengine popote katika safari ile.

TULIYORUDI NAYO

Hatukununua vinyago. Tulirudi na jambo moja ambalo kila tawi linaweza kulifanya bila kungoja fedha wala mgeni kutoka nje: daftari. Tuandike majina ya wanaopiga dawa mashambani, wanaochanganya rangi, wanaofanya kazi penye vumbi la pamba na penye bagasi. Tuandike dawa gani, tarehe gani, nani amekohoa damu, nani ameota upele, nani amehamishwa baada ya kulalamika. Liwepo daftari moja, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Mwenye mwandiko mzuri aandike, na asiyejua kusoma aeleze. Dada wa mashamba ya chai amekwisha kuanza: katika juma la kwanza baada ya kurudi, wapuliziaji dawa 14 wa kambi yake walijiandikisha.